Mtakatifu aliyegawa farasi wa mfalme, na sisi tunaochangia Prado ya mchungaji

#1 Mzee_wa_Kapu
Wakuu, amani kwenu.

Jumapili iliyopita kanisani kwetu (silitaji) tuligawiwa bahasha. Kila familia iandike ahadi yake kwa ajili ya gari la mchungaji. Na siyo gari tu, ni Prado, picha yake ilirushwa kabisa kwenye skrini baada ya matangazo. Bahasha yangu iko juu ya friji mpaka leo, haina hata nukta.

Sasa juzi usingizi umenigomea, nikajikuta nasoma habari za watakatifu wa kale wa Ayalandi. Kuna mmoja anaitwa Aidan, mmonaki wa kisiwa cha Iona. Mwaka 635 alitumwa kwenda kuhubiri Northumbria, kaskazini mwa Uingereza ya leo. Akaweka makao Lindisfarne, kisiwa ambacho maji yakipwa unavuka kwa miguu, yakijaa umebaki huko huko. Kazi yake karibu yote aliifanya kwa kutembea. Mfalme Oswin akaona haipendezi askofu mzima anakanyaga matope, akampa farasi wa maana, wa kuvukia mito na wa safari za haraka. Siku moja akakutana na maskini njiani anaomba. Aidan akashuka, akamkabidhi farasi pamoja na tandiko lake la kifalme.

Mfalme akaja juu: tuna farasi wangapi wa bei ndogo, kwa nini umpe yule? Aidan akamjibu: "Unasemaje, mfalme? Yule mwana wa farasi jike ni wa thamani kwako kuliko yule mwana wa Mungu?"

Naomba mnisaidie. Kuna la kujifunza hapa, au mimi ni bahili natafuta kisingizio chenye miaka 1,300? Mke wangu anasema ni hilo la pili.

#2 Dogo_Kijiweni
Nimevuta kigoda, karanga ninazo. Nasubiri wachungaji wafike.

#3 Binti_Ugweno
Kabla hamjafika mbali, mimi nina swali la kijinga. Yule maskini farasi alimlisha nini? Mtu hana chakula chake mwenyewe, unampa mnyama wa kula gunia. Na tandiko lina nembo za ikulu. Kijiji cha kwanza tu angekamatwa kwa wizi wa mali ya serikali. Mtakatifu angempa hela.

#4 Dogo_Kijiweni
@Binti_Ugweno 😂😂 "Afande, nimepewa na askofu." Kofi.

#5 Katekista_Mstaafu
Binti, angeuza. Farasi wa namna ile ilikuwa mali ya kumtoa mtu na ukoo wake.

Mleta uzi umekatiza hadithi pale inaponoga. Waliingia kula. Askofu akaketi mahali pake. Mfalme alikuwa ametoka kuwinda, akasimama na watu wake wanaota moto. Amesimama pale, maneno ya Aidan yanamrudia. Ghafla akafungua upanga wake, akampa mtumishi, akaenda kupiga magoti mbele ya askofu kuomba radhi, akisema hatahoji tena ni kiasi gani cha mali yao kinakwenda kwa wana wa Mungu. Askofu akamwinua, mfalme akachangamka, akala. Aidan sasa ndiye akaanza kutokwa na machozi. Padre wake akamuuliza kwa lugha ya kwao, ambayo mfalme na watu wake hawakuielewa: unalia nini? Akajibu kwa lugha hiyo hiyo: huyu mfalme hataishi siku nyingi, sijawahi kuona mfalme mnyenyekevu, na taifa hili halimstahili.

Oswin aliuawa Agosti 651. Aidan mwenyewe akafa siku ya 12 baadaye.

Hapo pa kilugha mezani ndipo huwa napapenda. Nani kati yetu hajawahi kusengenywa mezani kwa kilugha? Huyu alikuwa analiliwa.

#6 Ngamia_Mweupe
Asante kwa uzi mzuri, lakini Aidan alikuwa Mskoti. Iona iko Skotilandi, angalieni ramani. Msiwape Waayalandi sifa za bure.

#7 Msomaji_wa_Usiku
@Ngamia_Mweupe ramani ya leo, ndiyo. Ila mwandishi wa habari hizi, mmonaki wa Kiingereza aitwaye Bede aliyemaliza kitabu chake mwaka 731, anaposema "Scotti" anamaanisha Waayalandi. Ndilo lilikuwa jina lao kwa Kilatini, Skotilandi ikalipata baadaye. Monasteri ya Iona yenyewe ilianzishwa na Columba, Mwayalandi aliyevuka bahari mwaka 563, na lugha ya nyumba ilikuwa Kiayalandi.

Na Aidan alipofika Northumbria Kiingereza kilikuwa kinampiga chenga. Mfalme wa wakati huo, Oswald, alikuwa amekulia uhamishoni kwa Waayalandi, anakijua Kiayalandi vizuri. Basi askofu anahubiri, mfalme anasimama pembeni anatafsiri. Mkutano wa injili, mkalimani ndiye rais.

#8 Ngamia_Mweupe
Hapo kwenye jina nimekubali. Kwenye Prado bado.

#9 Mtumishi_wa_Bondeni
Mimi ni mchungaji, na sina Prado. Nina pikipiki ya mkopo na mitaa minne ya kuhudumia, wa mbali kabisa ni kilomita 38 za udongo mfinyanzi. Masika ya mwaka juzi nilidondoka nikiwa na begi la vyombo vya ushirika mgongoni. Divai yote ikamwagika kwenye kanzu, nikafika ibadani kama mtu aliyetoka kuchinja. Wazee wa kanisa walinipa pole, halafu mmoja akauliza kwa nini nimechelewa.

Mnampenda sana mtakatifu anayetembea kwa miguu. Ukitokea msiba saa mbili usiku, mchungaji awe amefika saa mbili na robo. Someni tena #1: farasi alitolewa kwa ajili ya mito na safari za haraka. Hata mfalme alijua kuna kazi haifanyiki kwa miguu. Tena baada ya kumgawa, mto ulibaki pale pale.

#10 Mzee_wa_Kapu
Pole sana mtumishi. Ingekuwa pikipiki mpya, bahasha yangu ingekuwa imejaa siku ile ile. Ugomvi wangu ni Prado kwenye mtaa wenye lami nyumba hadi nyumba.

#11 Chumvi_ya_Uvinza
Nyote mnalitazama gari na farasi, hamtazami aliyetoa. Mimi naona Aidan hakutaka kuwa askofu wa mfalme. Ukila cha mtu mdomo unakuwa mzito. Bede anasema watu wakubwa walipomtembelea hakuwapa fedha kamwe, ila chakula kama wageni wengine. Akialikwa ikulu anakwenda na padre mmoja au wawili, anakula kidogo, anaaga, anarudi kusoma na kusali. Huyo ni mtu anayelinda ulimi wake.

Mtazameni na mwenzake Columbanus, Mwayalandi wa monasteri ya Bangor aliyekwenda kuanzisha monasteri Ufaransa. Mfalme Theuderic alizaa na masuria, wakataka mtakatifu awabariki wale watoto. Akakataa. Mwaka 610 akafukuzwa. Akaishia Bobbio, Italia, akafa huko mwaka 615. Angekuwa anaendesha gari la mfalme angewabariki wale watoto, tena kwa maombi marefu.

Siku hizi mwanasiasa anatoa milioni kadhaa za bati, Jumapili inayofuata ndiye anayehubiri.

#12 Nyerenyere
@Chumvi_ya_Uvinza umeweka siasa pasipo na siasa. Bede haelezi hivyo. Anasema alitembea ili kila anayekutana naye, tajiri au maskini, azungumze naye: kama hajaamini amwite, kama ameamini amtie nguvu. Juu ya farasi humsalimii mtu, unampungia. Basi. Prado na vioo vyake vyeusi ni hivyo hivyo.

#13 Msomaji_wa_Usiku
Wote wawili mnamchukua Bede kama kamera ya barabarani. Naye alikuwa na lake. Anasema waziwazi maisha ya Aidan yalikuwa mbali na uvivu wa "siku zetu", yaani maaskofu wa wakati wake mwenyewe. Farasi wa Aidan ni kiboko cha kuwachapa hao. Mleta uzi anafanya kile kile, miaka 1,300 baadaye, kwa mchungaji wake.

Lakini kinachonifanya nimwamini ni kwamba Bede hakuwa shabiki. Kuhusu tarehe ya Pasaka alimwona Aidan amepotoka na akaandika hivyo. Mtu asiyekubaliana na wewe akikusifu, kuna kitu.

#14 Mama_Kangale
Kwenye hela, Patrick, yule mtakatifu wa Ayalandi wa karne ya tano, anawapita wote. Huyu hatuhitaji kusimuliwa, ameacha maandishi yake mwenyewe. Anasema wanawake waumini walikuwa wanamtupia vito vyao juu ya altare, akawarudishia, wakakasirika! Anasema amebatiza maelfu, na kama kuna aliyetozwa hata nusu ya sarafu ndogo aseme atarudishiwa. Someni hilo kanisani kwenu baada ya matangazo.

#15 Ngamia_Mweupe
@Mama_Kangale malizia basi. Maandishi hayo hayo yanasema aliwapa wafalme zawadi, akawalipa watoto wao waliosafiri naye, na waamuzi wa maeneo aliyopita aliwagawia si chini ya thamani ya watu 15. Mkono mtupu haulambwi. Hizo hela zilitoka wapi kama hapokei sadaka?

#16 Mama_Kangale
Kwao walikuwa nazo. Baba yake alikuwa diwani wa Kirumi huko Uingereza, ana shamba na watumishi, tena shemasi. Patrick anasema aliuza ubwana wake kwa faida ya wengine.

#17 Dogo_Kijiweni
Subiri. Baba shemasi?

#18 Mama_Kangale
Na babu padre. Potitus.

#19 Dogo_Kijiweni
Wakatoliki mje mjibu, mimi nimebeba karanga tu.

#20 Katekista_Mstaafu
Karne ya tano makasisi wengi walikuwa na wake, dogo. Kula karanga zako.

Ila @Mama_Kangale, "aliuza ubwana wake" wengine wanaielewa kwamba aliacha heshima ya ukoo wake, siyo kwamba aliuza shamba. Na wapo wanaodhani waliomtuma ndio waliogharamia. Yeye mwenyewe hafafanui.

#21 Mpwani_wa_Pangani
Mimi ni Mwislamu, nimepita tu, nimevutiwa na huyo Patrick. Niliposoma kwamba alitekwa na maharamia akiwa na miaka kama 16, akauzwa, akachunga mifugo ugenini Ayalandi miaka sita, nikajiona nasoma habari za huku kwetu. Nimekulia karibu na magofu ambayo bibi alituambia ndimo watu walimofungwa wakisubiri chombo.

Halafu akarudi kule kule alikotumikishwa. Kusamehe kwa mdomo tunaweza wote. Kupanda chombo kurudi?

#22 Msomaji_wa_Usiku
Karibu sana Mpwani. Na hakunyamaza. Kuna barua yake kwa askari wa mtawala mmoja aitwaye Coroticus, Mkristo kwa jina. Waliwavamia waumini aliotoka kuwabatiza jana yake, mafuta yakiwa bado yananukia kwenye vipaji vyao. Wengine wakauawa, wengine wakatekwa wakauzwe. Akatuma padre na barua kuwaomba warudishe mateka, wakamcheka. Ndipo akaandika ya pili, ya wazi, isomwe mbele za watu, kwamba wauaji hao Wakristo wasile nao wala kunywa nao. Mtu aliyewahi kuuzwa ndiye anaandika.

Aidan naye, fedha alizopewa na matajiri aligawa kwa maskini au alikomboa watu waliouzwa isivyo haki. Wengi akawafanya wanafunzi wake, baadhi akawapa upadre.

#23 Mpwani_wa_Pangani
Hilo la kukomboa nalifahamu kwa habari za Bagamoyo, mapadre waliofika 1868 na kijiji chao cha waliokombolewa. Wazee wetu walikuwa na maswali: ukinunua ili umwachie, huyo muuzaji si anarudi kuteka wengine akijua soko lipo? Barua ya Patrick naona inamkata muuzaji. Fedha ya Aidan inamlipa.

#24 Nyerenyere
Lakini anayesubiri kwenye mnyororo hasubiri barua, Mpwani.

#25 Mpwani_wa_Pangani
Kweli pia. Sina jibu.

#26 Kipkorir_wa_Iten
Salamu kutoka Kenya. Huku Iten tuna shule ya St. Patrick's. Bradha Colm O'Connell alikuja kutoka Ayalandi 1976 kufundisha jiografia, kocha hakusomea, na huku ndiko maisha yake yamekuwa. Amewanoa wakimbiaji mpaka David Rudisha, dhahabu ya mita 800 London 2012, dakika 1:40.91, rekodi ya dunia. Nimeona jina Columba hapo juu: Colm ni jina lilo hilo, maana yake njiwa. Watakatifu wenu walitembea, wetu anafunza watu kukimbia.

#27 Dogo_Kijiweni
Na Prado haipo kwenye hadithi. Kenya 1, Tanzania 0.

#28 Ngamia_Mweupe
Njiwa gani? Columba alinakili kwa siri kitabu cha mwalimu wake, ikaamuliwa "kila ng'ombe na ndama wake, kila kitabu na nakala yake", akaanzisha vita, wakafa 3,000, akafukuzwa Ayalandi. Hao ndio mnataka tuige?

#29 Msomaji_wa_Usiku
@Ngamia_Mweupe kesi ya kitabu na hao 3,000 ni masimulizi ya karne nyingi baadaye. Vita ya Cúl Dreimne ilikuwepo, mwaka 561 hivi, na ndugu zake walipigana. Adomnán, abati wa Iona aliyeandika maisha yake miaka kama 100 baada ya kifo chake, anasema tu kwamba sinodi ilimtenga kwa makosa madogo, na baadaye ikaonekana haikuwa haki. Kama alikwenda Iona kwa toba, kwa siasa za ukoo au kwa wito, wanazuoni bado wanavutana.

Huyo Adomnán mwaka 697 alipitisha sheria, wafalme na maabati wakaidhamini, ya kuwalinda wanawake, watoto na makasisi wakati wa vita. Hiyo ningependa tuige kabla ya farasi.

#30 Chumvi_ya_Uvinza
Ngamia ana hoja lakini kachagua mfano mbovu. Mfano mzuri ni mwaka 764: monasteri ya Clonmacnoise ilipigana na monasteri ya Durrow. Vita kabisa, watu 200 wa Durrow wakafa. Monasteri zilishakuwa na ardhi na mifugo, maabati wengi ukoo mmoja. Sifa za kutembea kwa miguu ni za kizazi cha kwanza.

#31 Katekista_Mstaafu
Na kuna ya kisiwa cha Inishbofin. Baada ya sinodi ya Whitby mwaka 664, Waayalandi waliposhindwa ile hoja ya Pasaka, askofu Colmán wa Lindisfarne aliondoka na wamonaki wake Waayalandi na Waingereza kama 30, wakajenga hapo. Ikawa kila kiangazi Waayalandi wanatawanyika kwenda kutembelea watu wanaofahamiana nao. Kazi ya kuvuna wanaachiwa Waingereza. Baridi ikiingia, wale wanarudi wanataka kugawana mavuno! Colmán akashindwa kuwapatanisha, ikabidi awahamishie Waingereza Mayo, monasteri yao peke yao.

#32 Binti_Ugweno
Hao nawajua. Wako kwenye kikundi chetu cha vikoba.

#33 Mbeba_Box_Dublin
Niko huku Ayalandi mwaka wa kumi na moja. Jumapili ya mwisho ya Julai nilipanda Croagh Patrick na wenzangu wa kazini, mlima wa mita 764. Chini njia ni nzuri. Karibu na kilele ni mawe yanayoteleza, hatua moja mbele nusu nyuma. Nikapitwa na mzee amevaa koti la mvua, suruali kaikunja, miguu pekupeku, kidole gumba kinatoka damu. Nikamwambia kwa heshima kwamba ana damu. Akatazama kidole, akaniambia kwa nia njema kabisa kwamba viatu vyangu havifai kwa mlima huu.

Nyumbani tungepanda huko kwa gari la kanisa.

Na kwa taarifa, paroko wa hapa nilipo ni Mnigeria. Wazee wetu waliwapokea wao, sasa wanatupokea sisi. Kuna habari ya mwaka 891, Waayalandi watatu walifika kwa mfalme Alfred wa Wessex, kusini mwa Uingereza ya leo, ndani ya mashua ya ngozi mbili na nusu, haina makasia, wana chakula cha siku saba, kwa sababu walitaka kuwa ugenini kwa ajili ya Mungu popote pale. Mimi nilikuja na viza na begi la dagaa.

#34 Sauti_ya_Chini
Huwa nasoma tu, leo niandike. Mmemtaja Patrick na hela, mimi lililonigusa ni rafiki yake. Akiwa kijana wa kama miaka 15 alifanya kosa. Kabla ya kupewa ushemasi akamwambia rafiki wa karibu, moyo ulikuwa unamlemea. Miaka 30 baadaye, wazee walipomkalia kikao, kosa hilo ndilo lililotolewa. Rafiki alilisema.

Mimi nilimweleza kiongozi wangu wa kiroho jambo la ndoa yangu. Jumapili ya pili yake likawa mfano kwenye mahubiri, bila jina, lakini mtaa mzima ulijua. Sijarudi pale.

Waayalandi walikuwa na neno anam cara, rafiki wa roho, unayemwambia yote. Walisema asiye naye ni mwili usio na kichwa. Nikisoma hayo najiuliza Patrick alimpata mwingine au aliishi bila.

#35 Mtumishi_wa_Bondeni
Pole sana. Tunakosea hapo, na tunakosea mara nyingi.

#36 Mama_Kangale
Pole dada. Nakuja chemba.

#37 Mzee_wa_Kapu
Wakuu, nawaletea mrejesho. Jana kulikuwa na kikao cha kamati. Nikajitia moyo nikasimulia habari ya farasi, mpaka pale pa mwana wa farasi jike. Wengine wakacheka, mwenyekiti hakucheka. Akasema nimetoa wazo zuri, kwa hiyo niwe katibu wa kamati ndogo ya kutafuta gari la bei nafuu.

#38 Katekista_Mstaafu
🤣 Ndivyo Aidan alivyopata uaskofu! Kabla yake alitumwa mwingine, mkali, akarudi Iona analalamika watu wale ni wagumu hawafundishiki. Aidan akasema kikaoni: ndugu, naona uliwakaba mno, ungeanza kwa maziwa laini. Wote wakageuka wakamtazama. Akatumwa yeye.

#39 Dogo_Kijiweni
Hongera katibu. Mchungaji mwenyewe alisemaje?

#40 Mzee_wa_Kapu
Alikaa kimya muda wote. Mwisho akasema yeye Prado hakuiomba, aliona picha kwenye skrini siku moja na sisi. Kikao kikapoa. Halafu mama mmoja wa pale nyuma akauliza, sawa, gari lolote litakalonunuliwa, mafuta ya kila mwezi yanatoka fungu gani? Hakuna aliyekuwa na jibu, tukafunga kwa sala.

#41 Binti_Ugweno
Si niliuliza toka #3 farasi atakula nini?